Sayari ya Binti wa Fundi

Profesa alikuwa kwenye treni akirudi nyumbani aliposikia wanawake wawili wa kiti cha mbele wakimzungumzia bila kumjua.

“Dada, jana ulimsikia yule profesa redioni?” aliuliza mwenye mtoto mgongoni. “Eti kagundua sayari kubwa ajabu, njia yake imerefuka kama yai. Mara inaisogelea nyota yake hadi karibu iungue, mara inaikimbia.”

“Nilimsikia,” alijibu mwenzake, fundi cherehani mwenye tepu shingoni. “Imeniletea balaa nyumbani. Binti yangu anafanya kazi kwake. Aliniambia sayari hiyo kaiona yeye, wenzake wakasema ni hitilafu ya mashine, akang’ang’ania. Basi jana nikaita majirani tusikie akitajwa. Wapi! Nikamwambia mbele yao aache uongo. Tangu hapo hasemi nami.”

“Labda alisahaulika.”

“Profesa mzima atasemaje ‘nimegundua’ kama hakugundua?”

Masikio ya Profesa yaliwaka moto. Jana redioni mtangazaji alimuuliza kabisa kama alisaidiwa na mtu, naye akacheka tu, akaanza kueleza habari za darubini.

Treni ikapunguza mwendo. Fundi alipoinuka, Profesa naye akainuka.

“Mama, binti yako hakusema uongo.”

Fundi akamtazama toka juu mpaka chini. “Umejuaje, baba?”

“Aliyesema uongo ni mimi.”

Treni ikasimama. Milango ilifunguka, watu wakaanza kusukumana kushuka, lakini fundi hakusogea hata hatua moja.