Cheti cha Mwenendo cha Hezekiah Gatimu

Habari za kifungo cha marehemu, mkewe Watiri alizisikia kwanza kwa Sophie wa saluni ya hapa Wamagana, wiki moja kabla ya harusi, Sophie akamwambia mbele ya wateja, "Dada, ati unasukwa ukaolewe na namba ya jela?", wote wakacheka, naye Watiri akalipa nywele zilipoisha. Kwa kuwa jambo hilo lilimfuata marehemu hadi mwisho, familia imeonelea lisomwe pamoja na mengine.

Marehemu Hezekiah Gatimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa Wamagana, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kingori na Mama Phyllis. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003 katika shule ya hapa kijijini, akaingia sekondari, akaacha kidato cha pili babake alipofariki.

Mwezi wa Juni 2009 alikamatwa akiwa na nguzo nne za mtarakwa alizokata msituni bila kibali, akakubali kosa mbele ya mahakama ya Nyeri, akafungwa miezi sita. Alibatizwa huko gerezani, akaapa kwamba hatasema uongo tena maishani mwake.

Kiapo hicho ndicho kilichomponza. Kila fomu ya kazi iliuliza kama mwombaji amewahi kufungwa, wenzake waliotoka naye gerezani waliandika hapana wakaajiriwa, yeye aliandika ndiyo, miezi sita, nguzo nne. Alikosa kazi ya ghala la maziwa Mweiga mwaka 2012, akakosa ya bustani ya hoteli Nanyuki mwaka 2015, na mwaka 2019 alipoomba kulinda kuni za boila ya kukaushia chai katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Othaya, karani Waweru aliisoma fomu yake kwa sauti mbele ya foleni nzima, akasema, "Huyu tukimwachia kuni, si kesho tutakausha chai na jua?" Marehemu alicheka pamoja nao, kisha akarudi kwenye machimbo ya mawe, ambako alichonga mawe ya kujengea kuanzia mwaka 2010.

Alifunga ndoa na Watiri tarehe 13 Desemba 2014, wakajaliwa watoto wawili, Wamae, aliyezaliwa mwaka 2016, na Waithira, aliyezaliwa mwaka 2021.

Machi 2024 alianza kukohoa, madaktari wakasema ni vumbi la mawe kifuani, wakamkataza machimbo. Januari mwaka huu kiwanda kile cha chai kilitangaza fomu mpya isiyo na swali lile, ila kila atakayechukuliwa alete cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Marehemu alisema polisi watamwandikia yale yale, lakini Watiri alimsihi, na tarehe 3 Februari wakaenda Nyeri akachukuliwa alama za vidole. Alilazwa tarehe 17, kila siku akiuliza kama cheti kimekuja, naye Watiri akamwahidi kwamba kikitoka atakipeleka kiwandani yeye mwenyewe kabla nafasi haijajazwa. Aliaga dunia Jumatano tarehe 26 Februari 2025, saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kupasua kuni, wenzake wa machimbo waliochimba kaburi hili, na kiwanda kilichotuma majani ya chai mnayokunywa leo.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, simu ya marehemu ilipokea ujumbe kwamba cheti kiko tayari. Watiri alienda kukichapisha Othaya, na kijana wa kompyuta akamsomea kwamba hakuna rekodi yoyote ya jinai iliyopatikana kwa jina wala kwa alama zile, kumbe kesi ya nguzo nne haikuwahi kuandikwa popote ila kwenye fomu alizojaza marehemu mwenyewe kwa mkono wake. Alipanda hadi kiwandani, akapiga foleni, akaweka karatasi mezani. Waweru aliisoma mara mbili, akasema, "Kumbe huyu mzee ni msafi, na alikuwa anajiharibia jina bure! Mwambie aje Jumatatu saa moja, na abebe gamboti, viatu vya mpira."

Watiri hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, akasema, "Sawa," akakunja cheti, akaenda mochari.

Leo ndiyo hiyo Jumatatu. Pumzika salama, Baba Wamae.