Watu wa Kisiwa cha Pili

Zamda alijifanya amelala ndani ya basi la Al Mansoura, huko ughaibuni, maana mbele ya aliyelala watu hawanong'oni. Kwenye kiti cha mbele yake, mlinzi mmoja Mkenya alikuwa akimsimulia jirani yake, mpakiaji saruji mwenye lafudhi ya Tanga, filamu aliyoiona kwenye kambi yao ya wafanyakazi wa kigeni.

"Wamarekani walijaribu bomu huko Pasifiki, jivu la sumu likawaangukia watu wa visiwani. Tangu hapo madaktari walikuwa wanakuja na meli kila mwaka, wanawashika shingo kutafuta uvimbe, wanawatoa damu."

"Kila mwaka?" Mpakiaji alikohoa. "Wana bahati! Mie mwaka wa sita huu navuta vumbi la saruji, na kifua nilipigwa picha siku ya kuingia nchi hii tu."

Zamda alikwishasikia mengi humo garini, lakini mtu kuwaonea wivu waliomwagiwa sumu, hilo lilikuwa jipya.

"Bahati gani, buda? Walikuwa wanachunguzwa tu kama panya. Na kuna kisiwa cha pili, jivu liliwafikia watu wake pia, lakini hiyo meli haikuwahi kusimama kwao. Hao ndio wako na hasira mpaka leo."

"Hao ndio ndugu zangu."

Basi likasimama mbele ya zahanati. Mlinzi akainuka akilalamika: kampuni yao ya ulinzi huwapima kila mwaka, na yeye sindano anaziogopa.

Mpakiaji alimtazama sana kabla ya kumpisha.

"Mwambie daktari," alisema, "sisi wa kisiwa cha pili tunamsalimu."