Historia ya Erasmus, Mpiga Picha, Mume Wangu

Wazee wangu shikamooni, Padre, majirani na ndugu waombolezaji, mimi ni Sekela, mjane wa marehemu. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Adelard, lakini asubuhi ya leo amenirudishia karatasi akisema nifute sehemu ya ndoa ndipo asome, nami sikufuta, kwa hiyo naisoma mwenyewe, na sauti yangu ni ndogo, mnivumilie.

Marehemu Erasmus alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa wa mwisho baada ya Adelard na Clara. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007, na mwaka 2009 akaja Dar es Salaam, akafikia kwa kaka yake hapa Tabata, akakaa miezi minne, kisha akaambiwa chumba kinahitajika.

Alianza kazi Keko, akiwapigia mafundi seremala picha za vitanda na makochi ya kuwaonyesha wateja, na mwaka 2014 akafungua studio yake Kimanga. Studioni aliwapanga watu kama walivyotaka, maana ndiyo kazi, lakini nyumbani hakutaka mtu akae mkao wa picha, alisema kochi hukaa vizuri lenyewe, ila mtu ukimkalisha anageuka kochi. Sisi alitupiga tukiwa hatuna habari, mtu anapiga mswaki, mtu anachambua mchele, mtoto analia.

Mimi alinikuta hukohuko Keko nikishona vitambaa vya makochi, na tarehe 6 Julai 2019 alinioa kimila nyumbani kwa baba yangu, Tukuyu. Mshenga alikuwa Adelard, aliyepeleka barua ya posa kwa mkono wake, akachinjiwa jogoo, akala, akamsifia mama yangu mchuzi. Ndoa ya kanisani tulikuwa tunaisubiri, kwa kuwa mimi ni Mmoraviani na yeye Mkatoliki, na mafundisho yangu yalikuwa hayajaisha alipougua. Mtoto wetu Kokuberwa alizaliwa tarehe 2 Februari 2021.

Juzi kwenye kikao cha familia niliambiwa nilete picha ya harusi, nikasema hatuna, nikaleta bahasha ya picha alizonipiga. Wifi yangu Clara alizimwaga mkekani, akazipitia moja moja, huyu anaosha sufuria, huyu anadeki, huyu kabeba mtoto mgongoni, kisha akauliza, “Jamani, na huyo mume yuko kwenye picha ipi? Mie hapa namwona dada wa kazi tu.” Watu wakacheka, msibani, na Adelard akainamia simu yake. Mimi sikujibu, kwa sababu sijui kujibu haraka, na kwa sababu kweli Erasmus hayumo katika picha hata moja.

Najibu sasa. Hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika kamera. Wewe wifi, mpige picha dada wa kazi wako akiwa amelala mdomo wazi, mate yanamtoka, halafu uone kama ataamka akuchekee. Mimi niliamka nikacheka, na kicheko hicho kipo katika picha iliyofuata, nikimtazama mpigaji.

Aliugua figo kuanzia Oktoba 2024, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, nami nikimpeleka na kumrudisha, na Clara alikuja mara mbili, ya pili akiulizia kamera. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja. Ratiba ya makaburini nimeiona, wameandikwa ndugu, wakaandikwa marafiki, sisi wawili hatumo. Sitasubiri kuitwa. Nitamshika Kokuberwa mkono, tutatangulia kuweka udongo, na anayetaka kutuzuia atuzuie mbele ya macho yenu wote.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zetu, hasa Mama Zubeda aliyelala na mtoto wangu siku zote za hospitali, wenzake wa studio, na mafundi wa Keko waliolitengeneza jeneza hili. Ndugu zake nawashukuru kwa kufika.

Pumzika kwa amani, Erasmus, sisi huku bado hatujaipata.