Mtambo Unaomwagika

Fundi cherehani alitaka kusinzia tu ndani ya basi, lakini wazee wawili wa kiti cha nyuma walikuwa na lao. Kila mmoja alikuwa na mtambo wa redio nyumbani, wa kuzungumza na watu wa mbali, na ubishi ulikuwa ni mtambo wa nani unaorusha sauti safi zaidi.

"Wangu!" alinguruma yule mnene, hata dereva akageuka. "Huko ng'ambo wananisikia kama nimekaa sebuleni kwao!"

"Wa ng'ambo sawa, ndugu yangu," mwenzake akajibu taratibu. "Lakini usafi wa mtambo waulize majirani. Wako una nguvu, ila unamwagika, sauti inafurika hadi kwenye masafa ya wengine. Ukianza tu kusema, sisi wa masafa ya pembeni hatusikilizani tena."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Utasikiaje, na msemaji ni wewe?"

Mnene akageukia dirisha. Fundi akafumba macho kwa shukrani.

"Miaka yote hii," sauti ikarudi, sasa imejaa uchungu, basi zima likaipata, "hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

Basi likasimama. Fundi akainuka, akamgeukia mnene, akafungua mdomo amwambie.

"Safari njema, baba," akasema, akashuka.