Viazi Viwili na Miaka Thelathini na Moja ya Mama Lala

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kazini, Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu muuguzi wetu wa dawa ya usingizi, Mama Lala, anavua rasmi viatu vyake vyeupe vya mpira. Namshukuru Mungu aliyenijalia kufagia idara ya picha muda wa kutosha kuyaona haya. Kalamu nimepewa mimi kwa sababu wenye shahada wote walisema wametingwa.

Kwa asiyejua, mtoto anayepigwa picha katika ile mashine kubwa huingizwa kama mkate katika tanuri, nayo hugonga kama fundi bati aliyenuna. Anatakiwa atulie nusu saa. Nani amewahi kumwona mtoto wa miaka mitatu katulia nusu saa? Ndipo dawa huitwa, na dawa hiyo haina mzaha: ikizidi kidogo tu, pumzi inapungua.

Kwa hiyo Mama Lala alimpima kila mtoto uzito upya, hata baba mtu aape kwa miungu yote. Mtoto mmoja alizidi kilo nzima, kumbe mifuko yake yote minne imejaa kokoto. Mama Lala alizipokea kwenye sahani ya chuma kwa adabu zote, akamwandikia mwenye mali stakabadhi.

Tena alijaliwa sauti ya kubembeleza, yenye kasoro moja: ilikuwa haichagui. Siku moja alimwimbia mtoto ili dawa imkute ametulia. Baba akakoroma kitini, mtoto macho kodo anamcheka. Machela ya kwanza siku hiyo ilimbeba baba.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa swali. Mtoto wa kulazwa kwa dawa hatakiwi kuwa na kitu tumboni, maana akitapika usingizini, chakula hushukia mapafuni. Ukimuuliza mzazi kama mtoto amekula, atasema hajala, akiogopa kurudishwa nyumbani. Mama Lala alimgeukia mtoto mwenyewe: leo nani kapika vizuri?

Asubuhi moja aliletwa binti wa miaka minne anayeumwa kichwa, pamoja na bibi yake. Nafasi hiyo walikuwa wameingoja wiki sita. Bibi alishaapa kwamba mtoto hajatia kitu mdomoni, na daktari alishaanza kutazama saa. Mama Lala akauliza swali lake.

"Bibi! Viazi!" Mtoto akajilamba.

"Viwili tu, mwanangu," bibi akajitetea. "Hicho nacho chakula? Ni kuzuga mdomo."

Daktari akasema viazi viwili havijaua mtu, na foleni inafika getini. Mama Lala akafunga kabati la dawa, akautia ufunguo kifuani. "Daktari, heshima yako naijua. Ila ufunguo huu hautoki huku mpaka saa tisa."

Jamani, nilishika fagio kama mkongojo. Muuguzi kumgomea daktari mbele ya wagonjwa! Nilianza kumwombea kazi yake kimyakimya.

Haikupita nusu saa, daktari akachuchumaa koridoni amtazame mtoto macho, na mtoto akamkabidhi viazi vyote juu ya viatu. Niliyefuta ni mimi, kwa hiyo naweza kushuhudia: havikuwa viwili.

Daktari alivitazama viatu vyake, akajua viazi vile vingekuwa wapi kama mtoto angekuwa amelala. Akasema polepole, "Sista, saa tisa ni sawa."

Saa tisa binti akalala. Mama Lala hakukaa. Alisimama akikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka mpaka mtoto akafumbua macho, akamtambua bibi yake na kudai chakula. Siku hizi swali lile limebandikwa ukutani, na wauguzi sita aliowafundisha hawashiki sindano kabla ya kuliuliza.

Asante sana, dada yetu. Nimelipekua daftari la idara nitafute cha kukusifia kwa maneno makubwa, nikakuta hakihitaji maneno makubwa: kila mtoto uliyemlaza, aliamka. Mungu akulipe kwa hilo. Nenda kapumzike kwa amani na afya, ulale mchana upendavyo, na uwe umeshiba.