Maji Yaliyotia Chumvi

Benchi lililo nje ya ukuta wa hospitali lina wenyewe: Kiraka fundi viatu, Wembe kinyozi, na Mama Kahawa, ambaye birika lake halipoi. Asubuhi hiyo walibanana wakampisha mama mmoja kijana mwenye kichanga. Majibu ya kwanza yalisema chumvi katika damu ya mwanawe imezidi mno. Baadaye maabara ikagundua kuwa maji yake yenyewe ya kupimia ndiyo hayakuwa safi. Mtambo mpya wa kuyachuja ukafungwa, damu ikachukuliwa upya, na sasa alikuwa akingoja majibu. Kiraka alimsogezea mwavuli wake, yeye akabaki juani.

— Maji ya mtambo huu hayana kitu, alisema Wembe. Chumvi hamna, chokaa hamna.

— Kama hayana kitu, wamenunua nini? akauliza Kiraka.

— Wee, ukiyanywa unakuwa mwepesi! Juzi nesi kapanda ngazi bila kuzikanyaga.

— Mimi nasikia ukiyaoga, hata kivuli chako kinatakata, akaongeza Kiraka. Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Kama wewe. Haikualikwa.

Mama kijana akacheka, mara ya kwanza tangu juzi. Mama Kahawa akampa kikombe, akampokea mtoto, akampakata.

— Kunywa, mwanangu. Kahawa ya leo nimeipika kwa maji hayohayo ya maabara.

— Tamu ajabu! akasema Wembe. Nishaanza kuelea.

Mara mtaalamu wa maabara akatoka getini, anakuja mbio na koti lake jeupe.

— Mama, mwanao mzima! Chumvi yake iko sawa kabisa. Maji yetu ya zamani ndiyo yaliyotia chumvi.

— Kumbe ni ndugu zake Wembe! akadakia Kiraka.

Mama kijana akajifunika uso kwa shuka la mtoto, akalia kwa raha. Mama Kahawa naye akafuta macho, akammiminia mtaalamu kikombe. Mtaalamu akaonja. Akasita.

— Mama, maji haya umechota wapi?

— Bomba jipya la pale ukutani, baba. Yanamwagika bure.

— Hayaui, lakini pale ndipo mtambo unapotupa chumvi yote uliyoikataa. Nani kasema ni tamu?

Kiraka akamtazama Wembe. Wembe akatazama viatu vyake. Mama kijana, machozi bado mashavuni, akainua kikombe chake, akanywa chote.