Mpango Uliothibitishwa

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Mkuu wa Kitivo chetu cha Sayansi, karibu katika Ukumbi Namba Tatu, ambao feni yake moja inazunguka na nyingine inaitazama. Karibuni pia mkuu wa idara, walimu wetu, na wazazi mliotoka mbali. Sisi ni wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya hisabati. Kadi uliyoletewa inasema leo tunaagwa. Tunasikitika kukueleza kwamba kadi zilichapishwa mapema mno. Wanaoondoka ni watano, na tisa bado tupo.

Anayesoma mbele yako ni mwenzetu tunayemwita Ratiba. Aliomba risala isomwe na mtu mwingine. Tulipiga kura, akashindwa kumi na tatu kwa moja.

HISTORIA YA MPANGO

Mwanzoni mwa mwaka wa pili tulipewa kitabu cha kozi, tukaambiwa kila mmoja ajipangie mihula minne iliyobaki. Zipo kozi za lazima, zipo za hiari, na zipo ambazo huruhusiwi kuingia mpaka ufaulu nyingine kwanza. Watu wa fani nyingine wangekwenda kuuliza waliowatangulia. Sisi watu wa hisabati tuliliona hilo ni swali, tukaamua kulitatua.

Ratiba aliunganisha karatasi nne za manila kwa gundi. Kila kozi akaichorea duara, na mishale ya kuonyesha ipi hutangulia ipi. Siku tatu alishinda sakafuni katika chumba cha kujisomea, magoti meupe kwa vumbi la chaki, akipanga ili kozi mbili ngumu zisikutane muhula mmoja. Alipomaliza alituita, akathibitisha ubaoni kwamba hakuna mpango mwepesi kuliko huo. Mhadhiri mmoja alipita, akausoma uthibitisho wote, akasema uko sahihi, akaenda zake.

Kati yetu yupo mama wa watoto wawili, mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa ruhusa ya miaka mitatu kuja kusoma. Tunamwita Dada Mkubwa. Yeye alikuwa na mpango wake kwenye daftari, na humo kozi ya Uchanganuzi wa Pili, ngumu kuliko zote, aliiweka mwaka wa pili. Mchoro wetu uliiweka muhula wa mwisho. Aliutazama kwa muda, akauliza, "Ofisini mmeuliza kama hizi zote zinafundishwa kila mwaka?"

Ratiba akamjibu, "Dada, imeshathibitishwa."

Tukacheka sote. Dada Mkubwa naye akacheka, akachukua kifutio, akabadilisha daftari lake. Kicheko kile tunakijutia kuliko mchoro wenyewe.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mihula mitatu ilikwenda kama ilivyochorwa. Hakuna aliyefeli. Aljebra dhahania tulifaulu wote kumi na wanne, mwalimu wake asiamini macho yake, akasahihisha upya na kupata alama zilezile. Mchoro ulibaki ukutani, na kila muhula ulipokwisha Ratiba aliyapaka rangi maduara tuliyoyamaliza.

CHANGAMOTO

Wiki ya kwanza ya muhula huu orodha ya kozi ilibandikwa, na Uchanganuzi wa Pili haukuwemo. Tulidhani karatasi imechanika. Tukaenda kwa katibu wa idara, mama aliyekaa kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa.

"Hiyo inafundishwa mwaka mmoja, unaofuata inapumzika," alisema. "Mwalimu wake ni mmoja. Ilikuwepo mwaka jana."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Nani aliniuliza? Niliwaona mmepita hapa na likaratasi lenu, nikadhani mnakwenda kupamba ukumbi."

Ratiba alirudi akaupitia uthibitisho mstari kwa mstari. Haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika jambo ambalo hakuliandika, kwa sababu hakujua kwamba analidhania: kwamba kila kozi ipo kila mwaka. Yeye mwenyewe kozi ya Uchanganuzi wa Pili aliisoma mwaka wa pili, kwa kuipenda tu, maana alishindwa kusubiri zamu yake kwenye mchoro. Wanne wengine, kwa uvivu wa kuusoma mpango, hawakuufuata, wakajikuta wameisoma mwaka huohuo. Hao ndio wanaohitimu, na sisi tuliomwamini tumebaki.

Tangu siku ile amekuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa, na chakula anakula peke yake. Tuseme ukweli, wiki za mwanzo tulimwacha akae huko.

Wanane wetu tunaweza kusubiri mwaka, kwa uchungu, lakini tunaweza. Dada Mkubwa hawezi. Mwalimu mkuu wake amemshikia nafasi mpaka shule zifunguliwe, miezi mitatu kutoka leo, na baada ya hapo atapewa mwingine. Watoto wake wako kwa bibi yao, na kila simu wanamuuliza amebakiza muhula mmoja au miwili.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba Uchanganuzi wa Pili ufundishwe likizo hii ndefu, kwa wiki sita. Mwalimu wake amekubali. Ratiba ameahirisha safari ya kwenda kwao ili atufanyishe mazoezi kila alasiri. Kinachokosekana ni kibali cha kitivo, na barua yetu iko mezani kwako tangu wiki ya tatu. Hatusemi imekaa sana, tunasema ipo.

Tunaomba pia jedwali la kozi na miaka yake libandikwe ukutani, ili wadogo zetu wasijifunze kama sisi. Katibu wa idara amesema analijua kwa kichwa, ila aulizwe.

Ombi la mwisho si lako, mgeni rasmi, utuwie radhi. Aya hii Ratiba hajaiona. Tuliiongeza asubuhi, Dada Mkubwa akisema na sisi tukiandika. Ratiba, mdogo wangu, kifutio nilikishika mwenyewe. Nina miaka thelathini na nane, na ofisi ilikuwa hatua ishirini tu. Nilitaka kuambiwa kwamba jambo limethibitishwa. Ukimaliza kusoma usirudi kule nyuma. Kiti cha kushoto kwangu nimekiwekea mkoba, nitautoa ukifika.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama, na kesho asubuhi akukutanishe na barua yetu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Hisabati, Mwaka wa Tatu,
watano wanaoondoka na tisa wanaosubiri.